Jeki ya Kuni ya Mama Mkwe

Fundi niliyekwenda naye Ndhiwa alikuwa Mkuria, na nilimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Migori mjini wapo mafundi Wajaluo watatu au wanne wanaojua mashine za oili na presha, wote watu wazuri, lakini yeyote kati yao angefika kwa wakwe zangu na kuanza kuulizwa babu yake ni nani na nyanya yake alitoka wapi, na kabla chai haijamiminwa angekuwa ameshageuka mjomba wa mtu. Mimi nilitaka mtu asiye na undugu wowote na nyumba ile. Nilitaka mtu atakayelala chini ya mashine, achafuke, aikague hadi utumbo, kisha asimame mbele ya watu aseme, "Hii ni mbovu," apande gari aende zake bila kumwogopa yeyote.

Mimi mwenyewe nisingeweza kusema hivyo, kwa sababu mwenye mashine alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu, mume wa binti na mama wa binti huheshimiana mpaka inakera. Simtazami usoni. Siingii jikoni kwake, siendi nyuma ya nyumba yake, sitembeitembei uani kama kuku. Ninaketi nilipoketishwa na ninakula nilichopewa. Vijana wa siku hizi huwakumbatia mama wakwe wakapigwa picha za simu, na hakuna anayekufa, lakini mimi ni mtu wa zamani kidogo na yeye ni mtu wa zamani kabisa. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa yangu tulikuwa tumeambiana salamu na habari za mvua, basi. Mengine yote yalipitia kwa mke wangu, hata tukiwa tumekaa hatua nne na kila mmoja anamsikia mwenziwe vizuri kabisa. Na kupatana bei kwa wakwe, hilo halipo hata katika ndoto.

Utauliza, basi kilichonipeleka huko ni nini. Ni mgongo.

Mimi huuza kuni. Kwa miaka kumi na tisa nimepeleka kuni katika shule moja ya bweni huku Uriri, magogo ya mikaratusi niliyoyapasua kwa shoka, kabari na nyundo, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Mwaka jana niliinama kuokota gogo nikashindwa kuinuka. Mke wangu alinipakia kwenye boda kama gunia la mahindi, nikafika Migori nikiwa bado nimeinama. Daktari aliinua ile picha ya mifupa akaielekeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Shoka basi, mzee." Nikamuuliza nitakula nini. Akasema yeye ni daktari wa mifupa, si wa tumbo. Nilitamani kumrushia kiatu, ila sikuweza kukifikia.

Mpishi mkuu wa shule naye hakunizungusha. Shule ikifunguliwa anataka kuni zilizopasuliwa zimepangwa ukutani, si magogo, na kama siwezi, wako wawili wanaongoja nafasi yangu. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Kwa hiyo nipate mashine ya kupasua magogo, au nipoteze shule, au nishike shoka nipoteze mgongo. Niliigeuza hesabu hiyo kila upande na haikuwa na mlango wa nne.

Mashine mpya sikuweza hata kuuliza. Kuukuu niliifuata moja Oyugis, nikakuta injini na magurudumu mawili. Silinda, ambayo ndiyo mashine yenyewe, haikuwepo. Muuzaji aliniambia bila haya kwamba silinda iko njiani inakuja.

Ndipo mke wangu akasema, huku akipepeta mchele, "Kwetu iko ile jeki ya kuni ya baba."

Jeki ya kuni ndilo jina wanaloiita kule. Marehemu baba mkwe alikuwa akiwapasulia kuni wanawake wanaokausha samaki kwa moshi ufuoni Homa Bay, na tangu afariki mashine ilikuwa imesimama nyuma ya jiko la mama, chini ya mabati.

Nilikataa. "Nikiiona, nimeinunua," nilimwambia.

"Nani amekuambia uinunue? Enda uione tu."

"Kwa wakwe hakuna kuona tu."

Aliniambia nina kiburi cha mtu mwenye mgongo mzima. Nilishikilia kukataa kwangu siku nne. Siku ya tano nilitoka asubuhi peke yangu nikajaribu shoka, magogo kumi tu, taratibu. Mchana nilishindwa kufunga kamba za viatu. Mke wangu alipiga magoti akanifungia, kisha akachukua simu akawapigia kwao. Nilimsikiliza akicheka na mama yake nikajua mlango umefungwa nyuma yangu.

Njiani fundi alinifundisha. Mashine kuukuu, alisema, usisikilize maneno ya mwenye nayo. Tafuta kibati cha jina na namba, ujue ni ya nani na ina nguvu kiasi gani. Pitisha kucha kwenye ile fimbo ya silinda, kama ina mikwaruzo itavujisha oili. Fungua oili, ikiwa nyeupe kama maziwa ujue imeingia maji. Kisha ipe gogo baya kuliko yote. Hilo tulikuwa tumelibeba nyuma ya pikapu: pande la mkaratusi lenye mafundo manne, lililopinda kama goti, ambalo lilikuwa limenivunjia mipini miwili ya shoka. Nililipenda lile gogo siku hiyo. Nililitegemea kuliko wakili.

Tulifika saa nne. Tukaketishwa kwenye sofa zenye vitambaa vyeupe vya kufuma, shemeji yangu mkubwa akakaa upande wa pili kama msemaji wa nyumba, na mama mkwe akaingia, akaketi karibu na mlango amegeuka upande, leso kichwani, macho sakafuni. Mimi nikatazama kalenda. Fundi wangu yeye hakukaa.

"Mashine iko wapi, tuanze kazi?" akasema. Moyo wangu ulifurahi. Ndiyo maana nilimleta.

"Kaa kwanza, mwanangu," mama mkwe akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Umetoka wapi?"

"Kehancha, mama. Lakini kazi nafanya Migori."

"Na umeoa?"

"Nimeoa, mama. Nimeoa hapa hapa tu, hata si mbali na hii soko yenu."

Nilihisi baridi mgongoni, pale pale panaponiuma.

"Binti ya nani?"

Fundi akamtaja baba wa mke wake. Kisha shemeji akapiga makofi, akacheka hadi akashika mbavu. Yule mzee alikuwa binamu wa marehemu baba mkwe wangu, maboma yao yametengwa na kijito kimoja. "Kumbe ndiye wewe yule Mkuria!" akasema. "Mama, huyu ni mkwe!"

Fundi akaketi. Sikuwahi kumwona mtu akibadilika upesi namna ile. Magoti yakaungana, mikono ikaingia katikati ya magoti, macho yakapanda kwenye kalenda yakakutana na yangu. Mkuria ana adabu zake kwa wakwe, na pengine ni kali kuliko zetu. Nilikuja na mkaguzi, sasa nilikuwa na mkwe mwenzangu kwenye sofa moja.

"Mzee," akaninong'oneza, "ungeniambia tunakuja kwa nani."

"Ungeniambia umeoa wapi."

Tukala kuku. Mvua ikapiga mabati kwa nguvu hata tukashindwa kuzungumza, na hilo lilikuwa nafuu. Kutoka pale nilipoketi niliweza kuona, kupitia dirishani, kona ya mashine: gurudumu moja na mkia wa chuma uliopakwa rangi ya buluu. Kati yangu na ile mashine palikuwa na jiko la mama mkwe na ua wake wa nyuma, hatua kama thelathini, na kwangu zilikuwa kama safari ya Sudan.

"Unaona nini?" nikamuuliza fundi kwa sauti ya chini.

"Naona buluu."

Mvua ilipopungua shemeji akaisifu mashine kidogo, kwa uvivu. Ilikuwa ikipasua kila kitu, akasema. "Lakini sasa inakula nafasi bure. Mimi na ndugu yangu tungekuwa tumeshaipeleka kwa watu wa skrapu zamani, ni mama tu amekataa."

Mama mkwe aliinua uso kidogo, akatazama magoti yangu, akasema na mwanawe kwa Dholuo, pole pole, kama mtu anayepima maneno. Shemeji akanigeukia. "Mama anauliza kama una swali lolote kuhusu mashine."

Nilikuwa na maswali kumi na moja. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi iliyokuwa mfukoni mwa shati langu, na fundi alikuwa akinikanyaga mguu.

"Mwambie mama," nikasema, "kitu kinachotoka mkononi mwake hakiulizwi."

Shemeji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama mkwe akainamisha uso tena. Nami nilijiona mtu mwenye adabu nyingi sana, nakumbuka, nilijisikia kama nimetunukiwa.

Bei nayo haikutajwa. "Atajua mwenyewe," mama alisema, na hayo ni maneno mabaya kuliko bei yoyote, kwa sababu hayana kikomo. Nilitoa bahasha yote niliyokuja nayo nikampa shemeji kwa mikono miwili. Fundi alifumba macho. Wanaume sita wakaipakia mashine, na tukarudi Uriri na lile gogo langu likiwa nyuma ya gari, zima, halijaguswa na mtu.

Kesho yake fundi alikuja kwangu na kisu, mafuta ya taa na hasira. "Leo niko kwako, sasa naweza kuongea," akasema. "Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, mzee. Na gunia lenyewe hatukuruhusiwa kulishika."

Tukakwangua rangi. Ilikuwa imepakwa mara tatu, tabaka juu ya tabaka, kama ukuta wa hoteli ya stendi. Mahali pa kibati cha jina tulikuta matundu manne ya ribiti, kibati chenyewe kiling'olewa zamani. Ikabidi tuitambue kiungo kwa kiungo. Injini ilikuwa ya pampu ya kuvutia maji mashambani, hilo hata mimi niliweza kuliona. Boriti iliyobeba kila kitu ilitoka kwenye daraja fulani. Kabari, lile jino kubwa la chuma linaloingia katika gogo, lilichongwa kutoka katika wembe wa greda, na kazi yake ilikuwa safi. Silinda fundi aliitambua kwa masikio yake mawili yaliyochomelewa. "Hii ni ya trela ya miwa," akasema. "Nimefungua nyingi kama hii." Pampu ya oili hakuijua kabisa. Chini ya leva, ule mpini wa kuiendeshea, palikuwa na kinundu kilichozama katika rangi, akakigonga kwa spana akasema ni kizibo tu, akaendelea.

Fimbo ya silinda haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Oili ilikuwa safi kama ya kupikia. Hayo yalimshangaza.

"Hii mashine haina kabila," akasema akijifuta mikono.

"Kama watoto wako," nikamwambia, na hapo angalau tulicheka.

Injini ikawaka mara ya pili tu. Niliweka gogo jembamba, nikavuta leva, ile fimbo ikatoka pole pole ikalisukuma gogo kwenye kabari, gogo likaachana kama mkate. La pili hivyo hivyo. La tatu. Mke wangu alitoka jikoni akapiga kigelegele, nami nikasikia mgongo wangu unalegea kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Basi tukaleta lile gogo la mafundo.

Liliingia kwenye kabari upana wa kiganja, na hapo mashine ikaanza kupiga mluzi na kusimama. Injini iliendelea kunguruma bila kuchoka, lakini fimbo haikusogea. Nikairudisha nyuma. Gogo likabaki limeng'ang'ania kabari: halipasuki, halitoki. Tulihangaika nalo kwa mtaimbo hadi jua likageuka.

Na halikuwa hilo tu. Kila gogo nene, mashine ilifika upana wa kiganja ikaanza kupiga mluzi. Fundi alisema silinda imechoka ndani, au pampu, na kujua ni ipi lazima afungue zote mbili na vipuri viagizwe Kisumu. Kwa vipuri sikuwa na kitu, bahasha ilikuwa Ndhiwa.

"Rudisha," akasema.

"Wewe ungeirudisha?"

Akafikiri, akakunja kisu chake. "Mimi? Hapana."

Wiki mbili zikabaki, kisha siku tisa. Kila asubuhi niliiwasha na kuilisha matawi, vijiti, vitu ambavyo mtoto angevivunja kwa goti. Magogo ya shule yalikuwa yamerundikwa mbele yangu, nene kwa nene, na shoka limeegemea ukuta wa ghala likinitazama. Sikulala vizuri na sikula vizuri. Mke wangu alitaka kumpigia mama yake, nikamkataza kwa ukali. Akisema yeye, nimesema mimi. Mkwe anayelalamikia alichopewa na mama wa mke wake ni mtu wa namna gani? Hata jirani hatamwazima jembe.

"Kwa hiyo tutakaa tu na chuma?" akaniuliza.

"Tutakaa."

"Na mgongo?"

Nilimchukia mama mkwe wangu siku zile. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwona amekaa pale mlangoni na leso yake, macho sakafuni, mpole, akijua fika anachoniuzia, na adabu yangu mwenyewe nikaiona kama kamba niliyojisokotea na kujivisha shingoni.

Siku tano kabla ya shule kufunguliwa, ilikuwa Jumapili, simu ikaja. Mama mkwe alikuwa Migori kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa lake, na katika kurudi angependa kupitia kwangu kidogo. Hataingia nyumbani, wala hatakula. Anataka kuisikia mashine.

Mke wangu alimwekea kiti kivulini, chini ya ukingo wa paa la ghala, mbali na mlango wa nyumba kama inavyotakiwa. Alikuja amevaa nguo yake ya kanisani, akaketi amegeuka upande. Mimi nilisimama karibu na mashine nikitazama miguu yangu. Mke wangu akasimama katikati yetu, tayari kwa kazi yake.

"Mama anauliza kama jeki inafanya kazi vizuri."

"Mwambie inafanya vizuri sana. Mwambie asante."

"Anasema angependa kuisikia."

Nikaiwasha. Nikaweka kagogo kembamba, kakapasuka. Nikaweka kengine. Nilitumaini atasikia mngurumo, amkumbuke mzee wake, aondoke. Lakini alimwinamia binti yake akasema kitu, na mke wangu akauma midomo asicheke.

"Anasema hizo ni kuni za chai."

Kisha mama mkwe akanyosha midomo kuelekeza, kama tunavyoelekeza kwetu, moja kwa moja kwenye lile gogo la mafundo lililokuwa limelala kando na jeraha lake la upana wa kiganja.

Ningefanya nini? Nilimwomba mke wangu tulinyanyue pamoja, tukaliweka. Nikavuta leva. Fimbo ikasukuma, kabari ikaingia katika jeraha lile lile, na mluzi ukaanza. Nikaikandamiza leva. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikasema leo litapasuka hata kwa kulazimishwa. Sikuachia. Mpira wa kupitisha oili ulikuwa umevimba unatetemeka. Kwa mkono wa kulia nikachukua mtaimbo, nikauchomeka katika ufa, nikalilalia gogo kwa kifua changu chote, na mke wangu, maskini, akaja upande wa pili kunisaidia.

Ndipo nikasikia jina langu. Si "baba fulani" kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama anavyonitaja kila siku. Jina langu mwenyewe, nililopewa na mama yangu, kwa sauti ambayo ingesikika hadi barabarani.

"Achia! Achia hiyo! Mtoe mke wako hapo!"

Niliachia. Mama mkwe alikuwa ameshavuka ua. Leso ilikuwa imemdondoka mabegani na kichwa chake kilikuwa wazi, nywele fupi, nyeupe, ambazo sikuwahi kuziona. Alinyosha mkono nyuma ya injini, bila kutazama, akaizima. Mkono ule ulijua swichi ilipo kama unavyojua mlango wa nyumba yako.

"Mpira huo ukipasuka utakukata," akaniambia usoni. "Na hilo gogo likiruka litamuua mwanangu. Una wazimu? Nipe spana. Kumi na saba."

Nikampa. Akaushika mpini wa spana kama fundi, akakwangua rangi kwa ncha yake pale kwenye kinundu chini ya leva, kile tulichokiita kizibo, na ndani ya rangi pakatokea boliti yenye nati. Akalegeza nati. Akazungusha boliti nusu mzunguko, akasita, akaongeza robo. Akakaza nati tena.

"Hapa ndipo presha inapokaa," akasema. "Niliilegeza mwenyewe siku tuliyomzika baba yao, wanangu wasije wakaichezea wakaumia. Nikapaka rangi juu. Washa."

Nikawasha. Nikavuta leva kwa vidole viwili. Mluzi haukuja. Gogo lililia, likanyamaza, kisha likaachana katikati ya mafundo yote manne, likaanguka vipande viwili vyekundu, kimoja upande wangu na kingine miguuni pake.

Kumbe marehemu baba mkwe alikuwa na kifua cha kutunza siri. Yeye aliongea na wanawake wa samaki na kupanga safari, lakini aliyesimama kwenye leva ile kwa miaka kumi na moja alikuwa mama. Ndiye aliyebadilisha oili, ndiye aliyeipaka rangi mara tatu. Hakuna aliyeijua mashine ile zaidi yake, na siku ile Ndhiwa alikuwa ameketi mbele yangu, hatua nne.

Nilisahau kupitia kwa mke wangu. "Mama, mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilikuuliza kama una swali."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Na mimi nilikuwa nakuheshimu. Mtu akisema hakiulizwi, mimi ni nani nimfungue masikio?"

Mke wangu alikuwa amekaa juu ya rundo la kuni anacheka huku analia, hana kazi.

Nilikuwa nimeona haya, lakini hasira ilikuwa bado haijaisha, na nilitaka kuimaliza. "Na kama ningeirudisha je? Tungekuja nayo Ndhiwa, tukakuachia mlangoni?"

Hapo ndipo alipokumbuka mahali alipo. Akavuta leso akafunika kichwa, akarudi pole pole hadi kwenye kiti chake, akaketi akageuka upande kama alivyokuwa. Macho yakaenda chini, na sauti ikawa ndogo, akaielekeza kwa binti yake.

"Mwambie mwenye mji huu," akasema, "kwamba wanangu walishamleta mtu wa skrapu aipime. Majirani wawili waliitaka. Lakini jirani, kitu kikimsumbua siku moja tu, anakirudisha, na kikirudi wanangu wanakikata. Mwambie nilitafuta mtu asiyeweza kurudisha."

Mke wangu alifungua mdomo anipitishie.

"Nimesikia," nikasema, nikainama kwa magoti, si kwa mgongo, nikachukua gogo lingine.